Tangi Lisilo na Pindo

Mimi hukasirika upesi, na hakuna kinachonikasirisha kama mtu kuitazama kazi ya mikono yangu na kuniuliza itakwisha lini. Mama aliniuliza hivyo kuhusu tangi la samaki nililolitoa Mbarara hadi Nakivale juu ya pikapu ya mahindi, likiwa limeviringishwa kwenye godoro kama mgonjwa. Kidogo nilirudishe lilikotoka siku ileile.

Lakini nianze na baba. Kwetu Kivu ya Kusini, kabla ya vita, kazi yake ilikuwa kuzamia ziwani na kukamata samaki wadogo wa rangi, wakiwa hai. Aliwauzia bwana mmoja, naye akawatuma kwa ndege kwa watu wanaofuga samaki sebuleni. Baba hakupata kuliona hata tangi moja kati ya hayo walimowekwa samaki wake. Tulipokimbia vita na kupewa kiwanja Rubondo, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mwishoni mwa miaka ya tisini, alishika jembe kama watu wote, akalima mahindi na maharage, na habari za ziwa akaziacha.

Miaka ikapita, akapigwa na kiharusi. Upande wa kushoto ukalala. Muuguzi wa kituo cha afya akatueleza bila kuzunguka kwamba mguu haujafa, ila asipoutumia utakufa kweli, kwa hiyo kila siku asimame na kutembea hata hatua chache. Baba hakutaka. Alilala chali akiyahesabu mabati, na tukimsihi ainuke alijibu kwa upole, "Nisimame niende fasi gani?"

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi Mbarara, kwenye karakana ya vioo. Niliingia pale kama mpika chai. Baada ya miaka mitatu nilikuwa nakata kioo kwa mkono usiotetemeka, na fundi mkuu, Mnyankole mwenye maneno machache, aliniachia madirisha ya watu bila kunisimamia. Siku moja akaja mke wa kapteni kutoka kambi ya jeshi, akataka tangi la samaki. Fundi akamshauri aweke fremu ya alumini juu na chini.

"Fremu inashika kioo, madamu," akasema. "Maji iko na nguvu."

"Fremu ni ya zamani," akajibu yule mama. "Mimi nataka kioo tupu. Maji ionekane tu."

Basi tukakata kioo kinene zaidi, maana kisipokuwa na fremu hakina wa kukisaidia. Tukaunga kwa silikoni, nikazisugua kingo za juu kwa msasa hadi zikawa laini. Tulipolipeleka nyumbani kwake kambini na kulijaza, nilisimama pale sebuleni nimeduwaa. Maji yalikuwa yamesimama yenyewe, hayana mpaka. Nikamkumbuka baba na mabati yake. Nikaamua papo hapo kwamba atapata la namna hiyo, na kwamba litakaa hatua nne kutoka kitandani, karibu na dirisha, ili akitaka kuwaona samaki vizuri ainuke awafuate.

Fundi aliniuzia mabaki ya kile kioo kinene kwa bei ya huruma, lakini aliposikia nataka kukiacha kitupu akatikisa kichwa. Nyumba ya sakafu ya udongo, alisema, meza haikai sawa. Weka fremu. Nikamuuliza kama vitu vizuri vimeandikiwa wake za makapteni peke yao. Nilipaza sauti, nakiri. Akacheka, akanikatia kipande cha sponji cha kutandika chini ya tangi, akarudi kwenye madirisha yake.

Kijana wa ziwani aliniletea nkejje sita kwenye jerikani, wale samaki wadogo ambao watu huwakausha. Aliniuliza mara mbili kwa nini nawataka wazima. Majirani nao wakaja kuchungulia, na mmoja akataka kujua tutawala lini. Baba hakucheka. Aligeuza shingo kuelekea dirishani na hakuirudisha. Jioni akasema, "Ule mukubwa anaonea benzake. Muwekee jiwe, benzake bapate fasi ya kujificha." Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote za mwezi ule, na nilitoka nje nikalia kwa furaha nyuma ya choo.

Mama ndiye aliyeniudhi. Lazima mjue kwamba mama yangu hufuma vitambaa vya nyuzi, na ndani ya nyumba yake hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa, thamosi ina kitambaa, jerikani la maji ya kunywa lina kitambaa chenye maua. Akishamaliza kufuma hukizungushia pindo, na kwake kitambaa bila pindo ni nyuzi tu. Alilizunguka tangi langu, akapitisha kidole kwenye ukingo wa kioo.

"Mama," akaniambia, kwa maana kwetu binti naye huitwa mama, "hii kitu haiyaisha. Itaisha lini? Pindo yake iko wapi?"

Nilimweleza kuhusu usasa. Nilimweleza habari za mke wa kapteni. Akasikiliza yote, akasema, "Sawa. Lakini haiyaisha."

Wiki mbili baadaye nilirudi Jumamosi, nikakuta tangi limefunikwa. Wamama wa kanisani walikuwa wamekuja Ijumaa kumwombea baba, na mama hakuweza kuwapokea na kitu kitupu sebuleni. Alikuwa amelitandikia kitambaa chake kikubwa kuliko vyote, cha pamba nzito. Kwa kuwa juu hapakuwa na fremu wala mfuniko wa kukishikilia, katikati kilikuwa kimezama majini, na pembe moja ilining'inia nje karibu kufika mezani. Nilichokiona mimi ni kwamba kazi yangu imefichwa. Tuligombana. Mwishowe nikasema, "Haya, funika! Funika na samaki!" Nikakiacha palepale kwa kiburi, mimi fundi ninayejua jinsi kitambaa kinavyovuta maji.

Jumapili tulikwenda kanisani wote wawili, tukamwacha baba na uji wake. Ibada yetu ina kwaya nne, na hakuna kwaya inayokubali kuimba wimbo mmoja. Tuliporudi, jua lilikuwa limeshageuka. Kabla hatujafika mlangoni tukasikia sauti ya baba, kali, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu augue.

"Munakawia mingi! Kuyeni mukamate meza!"

Tukaingia mbio. Baba alikuwa amesimama. Kile kitambaa kilikuwa kimevuta maji tone kwa tone tangu Ijumaa, na matone yote yakaangukia penye mguu mmoja wa meza. Udongo ulikuwa unayanywa kimyakimya, hata hakuna aliyeona tope, mpaka mguu ukadidimia na tangi likaanza kulala upande. Naye baba kutoka kitandani alikuwa ameyaona maji yakipanda kona moja. Alikuwa ameegemeza nyonga nzima kwenye meza, mkono wa kulia umeng'ang'ania ukingo wa kioo, kitambaa kiko sakafuni, na shati limelowa hadi kiunoni.

Nikaikamata meza. Mama akamkamata baba. Nilipoingiza tofali chini ya ule mguu na meza ikasimama, tulitazamana watatu, na hapo ndipo tulipoelewa kwamba kati ya kitanda na dirisha kulikuwa na hatua nne. Mama akaanza kuimba pale pale, wimbo wa kwaya ya wamama, huku analia.

"Ulitembea, papa," nikamwambia.

"Nilifanya namna gani?" akajibu kwa hasira. "Samaki bangemwangika." Kisha akaufungua mkono wake autazame. Kioo hakikuwa kimemkata, msasa wangu ulifanya kazi, lakini kilikuwa kimeacha mstari mwekundu kuvuka kiganja chote, umezama ndani. Mama akaniangalia, na namshukuru mpaka leo kwamba hakutaja pindo.

Baba ndiye aliyelitaja. "Uyiwekee pindo, mama," akasema. "Nipate fasi ya kushikilia."

Jumamosi iliyofuata nilikuja na vipande vya alumini, nikalizungushia tangi fremu juu na chini, nikaipaka rangi ya kahawia kwa mkono. Ule uzuri wa maji kusimama yenyewe ukapotea, siwezi kudanganya. Lakini asubuhi baba aliitisha fimbo yake, akavuta mguu hatua nne, akaweka kiganja kwenye kona ya kulia ya fremu, akasimama pale akiwatupia nkejje pumba. Akafanya hivyo kesho yake, na keshokutwa. Baada ya miezi alikuwa anafika mlangoni, na baadaye kwa jirani, ambako alikwenda kuwasema vibaya watu wanaokausha nkejje.

Aliishi na samaki wake miaka minne zaidi. Tulipomaliza matanga, nilikuja na kopo la rangi, kwa sababu kwenye ile kona rangi ilikuwa imelika na alumini inang'aa, upana wa kiganja cha mtu mzima. Mama alikuwa ameketi karibu na dirisha, anafuma. Akaniambia niweke kopo chini. Kisha akatandika juu ya tangi kitambaa kipya alichokimaliza asubuhi ile, chenye pindo zuri kuzunguka pande zote, na nikaona kwamba hakikuwa na pembe nne. Kona ya kulia alikuwa ameiruka, makusudi, akalizungusha pindo ndani kidogo, na ile alama ya mkono ikabaki wazi.