Mikono Miwili ya Simu Mezani

Siku hizo nilikuwa nimechoka mpaka mifupa. Kazi yangu ni kuweka simu za intaneti katika ofisi za katikati ya jiji, na ofisi hii walitaka usalama: asiwepo wa kuchungulia nani anampigia nani. Nikayafunga kwa msimbo wa siri maagizo ambayo simu hutumiana. Nikajaribu kupiga, ikaita. Nikatia sahihi kwamba kila kitu kiko sawa, nikarudi zangu Uthiru kulala.

Kuhamisha simu ya mteja kwenda ghorofa nyingine sikujaribu. Haraka haraka haina baraka, na mimi nilikuwa na haraka ya kitanda.

Baada ya wiki mbili wakaniita. Mama wa mapokezi, mkaazi wa Woodley aliyepokea simu pale tangu ujana wake, alishtakiwa kwamba anawakatia wateja simu. Kila alipomhamishia mteja ghorofa ya tatu, laini ilikufa. Alishapewa barua mbili za onyo. Ya tatu ingekuwa ya kumfukuza.

Nilimkuta amelaza mikono miwili ya simu mezani, mdomo wa mmoja kwenye sikio la mwingine. Mmoja ulikuwa wa simu yangu mpya, mwingine wa simu ya zamani ya ndani. Mteja na karani walikuwa wakipigiana kelele kupitia hapo.

"Sasa nifanye aje, kijana? Hii yako inakataa kuhamisha, hii mzee inafika huko juu. Mimi nawaunganisha tu hivi."

Nilijua pale pale. Simu za ghorofa ya tatu zilikuwa kuukuu, hazikuelewa maagizo yaliyofungwa, kwa hiyo mtambo wa kuunganisha simu ulikataa kuzipelekea mteja. Nikauweka mtambo uwe mkalimani kati yao. Ilinichukua dakika kumi, baada ya wiki mbili za mtu mwingine kulaumiwa.

Nikapanda kwa mkubwa wake kueleza. Kabla sijafungua mdomo, alipiga mapokezi kwa simu yake ya mkononi, akaomba ghorofa ya tatu, ikaingia. Akacheka.

"Umeona? Ile warning letter imemsaidia. Sasa anajua kazi."

Nilikuwa na la kusema. Nilikuwa pia na sahihi yangu kwenye karatasi yao. Nikasema, "Ndio, boss."

Chini, yule mama alinimiminia chai kutoka kwenye chupa yake, akatia sukari bila kuuliza.

"Asante, mwanangu. Najua umenitetea huko juu."

Niliona aibu, lakini kuikataa chai kungetaka maelezo. Nikainywa yote.