Jeupe la Kwale, Jekundu la Msambweni

Mwanangu wa mwisho alipotaka kununua gari, alinichukua mimi nikalitazame. Watu walicheka. Mimi sijui kuendesha hata baiskeli, na skuli nilikwenda mpaka nilipoweza kusoma jina langu, basi. Lakini marehemu baba yake hakununua kitu bila mimi kukigusa kwanza, kiwe kitanda, kiwe mabati ya paa. Alikuwa akisema mkono wangu haudanganyiki. Mtoto alikulia katika maneno hayo akayaamini.

Wakati huo hoteli za Diani zilikuwa zimelala. Wageni waliacha kuja baada ya zile vurugu za Likoni, kisha zikaja zile mvua kubwa zikakata barabara. Mwanangu alikuwa dereva wa hoteli, miaka saba akipokea wageni uwanja wa ndege. Kazi ikawa siku mbili kwa wiki, ikawa moja, mwisho ikawa barua ya kumshukuru. Akapata habari kwamba watu fulani Nairobi wanataka dereva mzoefu wa kutembeza wageni. Walimpa mwezi mmoja awajibu.

Mimi nilikuwa na yeye tu. Binti zangu wawili wameolewa, mmoja Lunga Lunga, mmoja ng'ambo ya Likoni, na baba yao tulishamzika. Nyumba yetu pale Waa ina vyumba vinne. Ukibaki peke yako katika vyumba vinne unasikia vitu ambavyo hukuwahi kuvisikia, mpaka tumbo lako mwenyewe. Niliyajua hayo kwa sababu zile siku alizokuwa akisafiri na wageni mbugani, nilikuwa nikila wali nimesimama jikoni, sufuria mkononi. Kutandika mkeka kwa ajili ya mtu mmoja niliona ni upuuzi.

Sasa gari lenyewe. Alitaka gari dogo la mbio, lile la milango mitatu, wa tatu uko nyuma unafunguka kwenda juu kama kifuniko, na injini yake ina nguvu kuliko mwili wake.

"Kwa nini usinunue la kawaida, la watu wazima?" nilimuuliza.

"Mama, nimeendesha basi la hoteli miaka saba, pole pole, kama nimebeba mayai. La kawaida nimelichoka. Na mimi nanunua mara moja tu. Nataka gari nitakalozeeka nalo."

"Uzeeke nalo wapi?"

"Nikipata lililo madhubuti naitika kazi ya Nairobi. Kila mwisho wa mwezi natoka Ijumaa mchana, usiku nakula kwako."

Mimi nilisikia Nairobi. Hayo mengine niliyaona ni maneno ya kumpoza mama. Pale Waa kuna kina mama wengi wenye watoto Nairobi, na wote waliambiwa mwisho wa mwezi.

Tulianza na jeupe. Lilikuwa la mwalimu mmoja wa bara aliyefundisha Kwale mjini, akitaka kurudi kwao. Alitupokea vizuri, akaniamkia shikamoo, akatuwekea viti nje.

"Hii gari ni kama mtoto yangu," alisema. "Inalala ndani ya nyumba kuliko mimi."

Mwanangu aliliteremsha mpaka Kombani akalipandisha tena, mimi nimekaa kando yake. Lilipanda kile kilima bila kulalamika. Alisema gia zinaingia kama ufunguo mpya, na kwenye kona halilegei. Tuliporudi nikafungua mlango wa nyuma, nikainua zulia, nikatia mkono chini mpaka penye tairi la akiba. Vumbi jekundu la Kwale, kavu, ungeweza kulipepeta. Bati lilikuwa zima. Nikaligonga, likaitika.

"Mama, unakagua gari ama unanunua mbuzi?" mwalimu akauliza.

"Mbuzi ningemtazama meno. Hili natazama tumbo."

Akacheka sana, akatuletea chai. Lakini mwanangu alikuwa na wasiwasi wake. Gari lile lilikuwa la Kizungu, spea zake hazipatikani Mombasa ila kwa kuagiza. Njiani aliniambia, "Zuri, lakini litaniringia. Likivunjika kitu, nitangoja spea mpaka ndevu ziote mvi."

Siku ya pili tukaenda Msambweni kulitazama jekundu. Hilo lilikuwa la Kijapani, spea zake ziko kila kichochoro. Tena lilikuwa na tabo, kile kidude kinachopuliza hewa katika injini, gari likaruka. Mwenyewe alikuwa kijana mmoja wa maneno mengi.

"Bi mkubwa, karibu. Hili lilikuwa la mama mmoja wa Kizungu. Sokoni na nyumbani, sokoni na nyumbani. Halijui shida."

Mwanangu akalipeleka njia ya Ramisi. Lilipoanza kupuliza, mgongo wangu ukabandikwa kwenye kiti na mtandio ukateremka mabegani. Nilimtazama usoni. Tangu barua ile ya hoteli sikuwa nimemwona akicheka namna hiyo.

"Umelisikia, mama?"

"Nimelisikia. Na mashimo nimeyasikia. Punguza."

Tuliporudi, wao wawili wakafungua boneti mbele, mimi nikaenda nyuma. Nilipoinua ule mlango nikapigwa na harufu ya udi. Nikajiuliza, nani hufukiza udi ndani ya buti? Chini ya udi kulikuwa na ndimu. Na chini ya ndimu kulikuwa na kitu ninachokijua kuliko ninavyoijua Nairobi.

Mimi nimekaanga samaki kituoni Kombani tangu mtoto huyo yuko mgongoni. Maji ya barafu yakichanganyika na damu ya samaki na chumvi hula karai kabla mwaka haujaisha. Na wenye samaki wakitaka kuficha harufu, hutumia ndimu, kisha udi. Nikainua tairi la akiba. Chini yake palikuwa na unyevu, rangi mpya imepakwa juu juu. Nikakwangua kwa ukucha, bati likabanduka kama ukoko wa wali. Nikatia kidole mdomoni. Chumvi.

Hapo nikaelewa kila kitu. Gari lile lilikuwa likitoa samaki Shimoni na kukimbia nao hoteli za Diani kabla barafu haijayeyuka. Tabo ilikuwa ya samaki. Hapakuwa na mama wa Kizungu.

Yule kijana alikuwa akinitazama juu ya boneti. Alijua kwamba nimejua.

Watu wote wananijua kwa mdomo. Nimewahi kumwambia bwana harusi mbele ya wazee kwamba kanzu yake ni ya kuazima. Lakini siku ile nilirudisha tairi mahali pake, nikafunika zulia. Nilifikiri hivi: akichukua jeupe, ataondoka. Akichukua hili, halitamaliza mwezi, litalazwa kwa fundi wa Ukunda, yeye atakuwa huku akihangaika nalo, na kazi ya Nairobi itapata mtu mwingine.

"Wasemaje, mama?"

"Moyo wako wataka lipi?"

"Moyo umeshakwenda. Nangoja mkono wako."

"Lina nguvu," nikasema. "Chukua."

Na kweli halikumaliza mwezi. Wiki ya tatu alilipeleka kwa fundi wa Ukunda kwa sababu nyuma palikuwa panagonga, nami nikafuatana naye kwa kuwa nilikuwa na shughuli sokoni. Fundi akaweka jeki, akapiga mara kadhaa. Jeki ikapanda, gari halikupanda. Kile chuma kiliingia ndani ya sakafu kama kijiko katika uji, kikatokea kwenye zulia.

Fundi akainama, akachungulia, akanusa. "Bwana, gari hili limekula samaki kuliko wewe," akasema. "Juu ni gari. Chini ni rangi tu."

Wenzake wakaangua kicheko. Mwanangu hakucheka. Alikaa juu ya tairi bovu, akanitazama.

"Mama, siku ile uliinua tairi la akiba."

"Niliinua."

"Hukuona kitu?"

Nikiulizwa sisemi uongo. "Niliona."

"Ukanyamaza."

"Nilitaka ukae."

Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole, ingawa hakuwa ameshika kitu. Sauti yake haikupanda.

"Gari nililitaka la kurudia, mama. La kwendea si shida. Basi liko kila siku."

Jeupe lilikuwa limeshauzwa. Jumatatu iliyofuata, ule mwezi aliopewa ukiwa haujaisha, akapanda basi la Nairobi. Jekundu akamwachia fundi, injini ikatiwa katika gari jingine, bati likaenda na wanunuzi wa vyuma.

Mwisho wa mwezi wa kwanza alikuja. Alifika Jumamosi adhuhuri, macho mekundu, akala, akalala mpaka magharibi. Jumapili asubuhi akaondoka awahi basi. Mwezi wa pili hakuja, na sikumlaumu, maana safari ilimmaliza siku zote mbili. Ikawa anakuja Idi.

Idi hizo dada zake walimgeuza mchezo. "Dereva wa miaka saba, kauziwa kapu la samaki," mkubwa alikuwa akisema, na watoto wake wakimwita mjomba wao Kapu. Yeye alikuwa akitabasamu na kumega mkate wa sinia. Hakuwahi kusema mama alijua. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nimeshika birika.

Idi ya pili hakupata ruhusa. Mkubwa alipoanza utani wake, nikaweka birika chini nikawaambia kila kitu, pamoja na ukucha na kidole mdomoni. Hakuna aliyecheka. Mdogo alisema, "Mama, si ungemwambia tu kwamba hutaki kubaki peke yako?" Nilimwambia ajitilie chai.

Siku chache baadaye simu ilipigwa dukani, nikaitwa.

"Umewaambia ya nini?" mwanangu aliuliza.

"Ili waache kukucheka."

"Mimi halikuwa likiniuma."

"Mimi lilikuwa likiniuma."

Nilisikia magari mengi nyuma yake.

"Umekula?" akauliza.

"Nitakula."

"Ule umekaa chini, mama. Usile umesimama."

Sikujua kama alikuwa akijua hilo. Nikamwambia simu ni ya watu, nikamrudishia mwenye duka, nikaenda nyumbani. Nilitandika mkeka, nikakaa, nikala.