Uunsi Ndani ya Kompyuta

Sogea karibu nikusimulie siku ambayo kompyuta yetu ya nyumbani, hapa mtaa wa Iftin mjini Garissa, nusura imkoseshe dada yangu kazi.

Maombi ya ualimu kule Wajir yalikuwa yanafungwa saa kumi na moja jioni. Dada aliketi mbele ya kompyuta tangu baada ya swala ya adhuhuri, na kila alipobofya, kiduara kilizunguka tu huku feni ikinguruma kama pikapu iliyokwama mchangani. Saa nane ilipita hajamaliza ukurasa wa kwanza.

Nilimwomba anipishe.

"Ukiiua," alisema akiinuka, "utakwenda Wajir kwa miguu kuniombea."

Nilianza na lililo rahisi. Diski ilikuwa imejaa video za harusi, maana kila jamaa alikuja na flashi yake na hakuna aliyethubutu kumfuta shangazi akicheza. Nilizihamishia kwenye diski ya nje, asipotee hata shangazi mmoja. Kisha nikazizuia programu zilizokuwa zikijiwasha zenyewe kila tulipoiwasha kompyuta. Ikachangamka! Dada akajaza kurasa mbili. Halafu feni ikanguruma tena, na mwendo ukarudi kuwa wa kujikokota. Niligusa ubavu wa kompyuta: ulikuwa moto.

Hapo ndipo nilipoona kitu nilichokipita kila siku. Mama alikuwa ameifunika kwa kitambaa chake cha maua ili vumbi lisiingie, na pembeni yake, pale pale, kilikaa chetezo cha udongo anachofukizia uunsi, ubani wetu wa Kisomali, kila jioni.

Niliizima, nikachomoa waya, nikafungua kifuniko cha ubavuni. Harufu ya uunsi ilitujia sote usoni. Vumbi lilikuwa limenatana na ule moshi mtamu, likatanda juu ya feni kama kipande cha blanketi, na hewa haikuwa na pa kupita. Mashine ikipata joto hupunguza mwendo ili isiungue. Haikuwa uvivu, ilikuwa inajiokoa. Nikaishika feni kwa kidole isizunguke, nikalisugua vumbi kwa brashi mpya ya rangi.

Mama alichungulia juu ya bega langu. "Basi hii ndiyo kompyuta inayonukia vizuri kuliko zote Garissa," alisema, kisha akakichukua chetezo mwenyewe na kukipeleka dirishani. Kitambaa alikikunja akakiweka kando.

Nilipoiwasha, iliamka kabla sijamaliza bismillahi. Dada aliandika, akabofya, kurasa zikafuatana bila kusita, na saa kumi na dakika hamsini maneno yakatokea: maombi yamepokelewa. Aliyasoma mara tatu, kisha akanisukuma begani.

"Walaal, ndugu yangu, Wajir hutakwenda."

Yako ikianza kunguruma, iondolee kitambaa, izime, chomoa waya, iache ipoe, kisha fungua ubavu na ufagie feni kwa brashi laini iliyo kavu.