Mstari wa Penseli wa Nereah Egesa

Jumatatu asubuhi Nereah Egesa aliziba shimo la kutolea maji katika bafu la ghorofani, akajenga kizingiti cha udongo mlangoni, akamimina maji hadi yakafika kina cha vidole vinne. Pale yalipokoma ukutani alichora mstari kwa penseli. Kando yake aliweka beseni la maji, nalo akalitia alama, ili ajue hewa peke yake itakunywa kiasi gani.

"Mama Carol, humu tutafuga samaki wa ngege?" aliuliza Mzee Ojiambo, mwenye jengo.

"Tutafuga subira, mzee. Siku mbili."

Jengo lenyewe liko Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka barabara ya malori. Chini ya bafu hilo palikuwa na chumba ambacho mwenye duka la dawa alitarajia kuhamia Jumamosi. Dari likivuja, dawa za wagonjwa zingelowa, na jina la Nereah lingelowa pamoja nazo.

Nereah alizaliwa Sikuda katika familia ya wakulima. Kazi ya ujenzi aliianza kwa kubeba kokoto Tororo, akijifunza kwa kutazama mikono ya mafundi. Alipokuwa fundi mchanga, mwenye nyumba mmoja wa Kiyeyi alimharakisha, naye akapaka dawa ya kuzuia maji sakafuni tu, bila kuipandisha ukutani. Mwaka haukuisha kabla maji hayajapenya kwenye kona na kumtonea mama mgonjwa aliyelala chumba cha chini. Hakuna aliyemwita. Alirudi mwenyewe na patasi, akavunja vigae alivyovipanga kwa mikono yake, akaanza upya. Tangu hapo, wanaomharakisha hupoteza pumzi zao.

Kwa Ojiambo ubishi ulianza mapema. Mzee alileta lami iliyobaki alipoziba paa.

"Lami ya paa ikae paani," Nereah alimwambia. "Kigae hakishiki juu yake."

Akachagua dawa ya saruji inayonyumbulika. Kwanza aliinamisha sakafu kuelekea shimo la maji. Kona zote alizijaza chokaa na saruji zikawa mviringo, akalaza kitambaa cha wavu juu yake na kuzunguka kila bomba. Alipaka mara mbili, mkono wa pili ukikatiza wa kwanza. Ukutani aliipandisha dawa shibiri moja na nusu, na pale pa kuogea akaipitisha juu ya kichwa cha mtu mrefu. Anayeoga hataona hata kimoja kati ya hivyo. Ndiyo maana mafundi wengi huviruka, na ndiyo maana kuviruka ni wizi.

Jumatano asubuhi maji yalikuwa yameshuka vidole viwili. Katika beseni yalipungua unene wa ukucha tu.

Ojiambo alikimbia chini, akarudi akichekelea. "Dari kavu kabisa! Paddy, lete vigae."

"Paddy asilete kitu," Nereah alisema. "Zege hunywa kwanza, kutema ni baadaye."

"Mama, mpangaji anakuja Jumamosi! Kama hutaki kazi, Malaba mafundi wamejaa."

"Kawaite. Lakini kigae hakiingii humu mpaka nijue maji yangu yamekwenda wapi."

Paddy, fundi wa vigae, mtu mzima anayekaribia miaka hamsini, alijikuna shingo. "Mama Carol, usikasirike. Jana mfereji ilikauka. Nikachota hapa jerikeni mbili, ya kuloweka vigae."

Ojiambo aliangua kicheko. "Mwizi wa maji ya choo! Basi, kesi imekwisha."

Wengi wetu tungekubali hapo. Ungamo la kweli ni tamu, hasa likitupa kile tulichokuwa tukikitaka tangu mwanzo.

"Umesema kweli, Paddy, nashukuru," Nereah alisema. "Sasa rudisha."

"Nirudishe nini?"

"Jerikeni mbili. Zilezile."

Paddy alikwenda kisimani, akarudi akihema, akamimina ya kwanza, kisha ya pili. Wote watatu waliinama ukutani. Maji yalipanda kidole kimoja, yakatulia. Mstari ulikuwa bado juu yake.

"Hiki kidole kingine ni cha nani?" Nereah aliuliza.

Kicheko cha Ojiambo kilikuwa kimekwisha.

"Jumapili ukiwa kanisani nilimwita fundi wa bomba," alisema. "Choo kilikuwa kinatazama mlango. Sasa mgeni akifungua, akaribishwe na choo? Tulisogeza bomba kidogo tu. Tukapaka ile dawa iliyobaki kwenye ndoo."

"Mkaweka wavu?"

"Wavu gani?"

Nereah alipiga magoti karibu na bomba. Kiraka kilikuwa na rangi ileile ya kijivu. "Na mimi Jumatatu nilipita hapa bila kuinama," alisema. "Kosa hilo ni langu."

Aliyatoa maji, akachukua patasi. Chini ya kiraka zege lilikuwa jeusi kwa unyevu. Ojiambo alipitisha kidole juu yake mwenyewe, akakitazama.

"Mpigie mpangaji, mzee."

"Nimwambie nini?"

"Ulichoniambia mimi."

Alimpigia palepale, mbele yao. "Ni mimi nimechelewesha," alisema, "si mafundi."

Nereah aliacha zege likauke, akaziba kuzunguka bomba, akalaza wavu, akapaka mara mbili. Alipojaza tena, Paddy ndiye aliyebeba maji yote kutoka kisimani, na yale ya kulowekea vigae aliyabeba kando. Siku mbili zilipopita, maji ya bafuni yalikuwa yamepungua sawa na ya beseni, ukucha kwa ukucha.

Paddy alipanga vigae hadi akaufikia ule mstari ukutani. Mwiko wake ukasimama.

"Mama Carol, nifunike?"

"Funika," alijibu Nereah, naye akaenda kuziba shimo la bafu la pili.