Mkaguzi wa mpunga na mashine ya kufulia iliyotembea

Tik.

Sauti ni ndogo, kama ukucha uliogusa kikombe, na inatoka ndani ya vumbi la pumba ambamo bado hakuna kinachoonekana. Kisha inafuata sauti ya mwanamume asiye na haraka: "Ile ya tatu. Muifungue."

Ni saa moja asubuhi kwenye kinu cha mpunga huku Bugarama, na joto limeamka mapema kuliko watu. Vumbi linapotua, anaonekana Niyomugabo, mwenye miaka hamsini na miwili, mwembamba, mabega meupe kwa pumba. Mkononi ana bambo, ule mwiko mwembamba wa chuma wenye ncha na mfereji, unaochomwa kwenye gunia ili utoke na punje za ndani.

Gunia la tatu linafunguliwa. Katikati ya mpunga kuna jiwe la ukubwa wa ngumi.

Mwenye gunia anaapa kwamba jiwe limeingia lenyewe. Niyomugabo anataka kujua lilipanda kwa mguu upi, wa kulia au wa kushoto, na foleni yote inacheka. Jiwe linapimwa, uzito wake unakatwa kwenye malipo, kazi inaendelea.

Ameifanya kazi hii kwa miaka ishirini na miwili, tangu aliporudi Rwanda kutoka Bukavu alikokulia. Wanaotaka kuongeza kilo kwa mawe wamejaribu kila njia, na yeye amewakamata kwa sikio.

"Mimi sitafute jiwe," anasema kwa Kiswahili cha Bukavu, ambako "ndio" ni "njo". "Jiwe njo linaniita."

Mwanamume anayejua jambo moja vizuri namna hiyo ni hatari siku anapokutana na jambo la pili. La Niyomugabo lilikuwa mashine ya kufulia nguo.

Mkewe, Mukarugwiza, amefua nguo za watu saba kwa mikono maisha yake yote ya ndoa, pamoja na suruali za kinu, ambazo pumba huzigeuza kuwa mkeka. Mwaka juzi kifundo cha mkono wake wa kulia kilivimba. Daktari alimwambia aache kukamua nguo, la sivyo mkono utakuja kushindwa hata kushika kijiko.

Niyomugabo hulipwa franga elfu tisini kwa mwezi. Aliweka akiba kwa miezi kumi na minne, akiwa na sharti moja tu: mashine idumu.

"Nilitaka kununua mara moja," anasema. "Masini itakayonizika, si mimi niizike."

Alivuka daraja la Rusizi ya Pili hadi kwa Charlotte, mama wa Bukavu anayeuza vyombo vilivyotumika Ulaya, hatua chache tu baada ya mpaka, upande wa Kongo. Charlotte alimwonyesha mashine nane. Mteja hakuuliza nguvu ya umeme wala ukubwa wa pipa. Alikodi wabeba mizigo wawili, akawaamuru wainue moja baada ya nyingine, naye akawa anatazama shingo zao.

Kwa hesabu yake, kitu chepesi huvunjika na kizito hudumu. Mashine saba ziliinuka na kushuka. Ya nane iliwafanya wabebaji waiteremshe nusu ya njia na kutukanana. Hiyo hiyo. Charlotte akamsifia uchaguzi: ilikuwa ya bibi mmoja mzee aliyeishi peke yake, ameitumia miaka minane bila kumwita fundi. Bei ilikuwa franga laki moja na elfu themanini.

Ilifika nyumbani Bugarama ikapokewa kama bibi harusi. Mukarugwiza aliitandikia kitambaa cha kufumwa. Bomba lililetwa kutoka mfereji wa uani. Kila kitu kilikuwa tayari, isipokuwa mumewe, ambaye hajawahi kupokea mzigo bila kuukagua.

Alichukua bambo, akagonga ubavu. Bati. Akagonga mlango. Kioo. Akazunguka nyuma, akagonga, akasimama. Akagonga tena, sikio likiwa limebanwa kwenye mashine.

Alichosikia mle ndani kilikuwa jiwe.

Aliwaita majirani wawe mashahidi, akafungua kifuniko cha nyuma kwa bisibisi. Juu ya pipa, limefungwa kwa bulon mbili, bolti za chuma, lilikaa pande la saruji. Saruji kabisa, ile ya kujengea. Alilifungua, akalipeleka kinuni na kuliweka kwenye mizani: kilo ishirini na tatu.

"Nilisema leo nimekamata mama ya mawe yote," anakumbuka. "Siku ile sikulala kwa furaha."

Siku ya soko alisafiri nalo. Kondakta wa basi alilitoza nauli kama abiria. Darajani, afisa wa forodha alimwuliza anavusha bidhaa gani, naye akajibu kwamba ni ushahidi. Afisa alitafuta kwenye orodha yake, hakuona kodi ya ushahidi, akampisha.

Mbele ya banda la Charlotte alilitua lile pande, akapanda juu yake, akahutubia. Aliwaeleza wapita njia kwamba mama huyu anauza saruji kwa bei ya mashine. Watu walimwelewa mara moja, kwa kuwa hakuna mtu wa mpakani ambaye hajawahi kukuta kokoto kwenye gunia la maharagwe. Charlotte alijitetea kwamba yeye hafungui mashine, huziuza jinsi zinavyoshuka. Umati ukazidi. Niyomugabo akadai akatiwe uzito kama inavyofanyika kinuni, na Charlotte, ili apate kupumua, akamrudishia franga elfu thelathini.

Pande la saruji likahamia kwenye lango la kinu. Kwa mkaa, Niyomugabo aliliandika: HATA HILI LILIONEKANA.

Jumamosi mashine iliwashwa. Ilijaza maji, ikasokota nguo polepole, povu likaonekana kwenye kioo, na Mukarugwiza akaketi kwenye kigoda, mikono mapajani, akitazama suruali ya kinu ikifuliwa bila yeye. Anasema hajawahi kuona filamu nzuri kama ile.

Kisha ukafika wakati wa kukamua.

Mashine ilitetemeka, ikaruka mara moja, halafu ikaanza safari. Ilitoka ukutani, ikang'oa bomba, ikavuka chumba kwa hatua fupi fupi ikipiga kelele kama kinu chenye wazimu. Mukarugwiza alikimbilia nje na kigoda chake. Niyomugabo alibaki kuizuia kwa tumbo. Ilimsukuma kando, ikafika mlangoni, ikauziba, ikakamua hadi mwisho. Majirani walimtoa kwa dirisha.

Mkewe alimwuliza, kwa upole, kama mashine ilikuwa inaenda kumfuata Maman Charlotte.

Mtu mwingine angeita fundi. Niyomugabo aligundua kwamba akiipandia juu, inatulia. Kwa hiyo, kwa wiki tatu mfululizo, kila Jumamosi pipa lilipoanza kukimbia, alipanda, akashika kingo mbili, meno yakigongana, mpaka nguo zikakauka. Alieleza jirani zake kwamba mashine za Ulaya ndivyo zilivyo, zimezoea watu wazito.

Jumamosi ya tatu, yeye akiwa juu anatetemeka, mkewe alisimama mlangoni na swali.

"Papa, yule bibi wa Bulaya alikuwa anaishi peke yake," alisema. "Nani alikuwa anamukalia masini?"

Niyomugabo alizidi kukaza kingo, meno yakigongana.

Jumatatu aliitwa Fabien, fundi wa friji kutoka Kamembe. Fabien alifungua nyuma, akaingiza mkono, akaona matundu mawili ya bulon yaliyo wazi.

"Mzee," alisema, "jiwe lake liko wapi?"

Akaeleza kwa maneno ambayo hata mtoto angeelewa. Pipa lililojaa nguo mbichi likizunguka kwa kasi hutaka kuruka, na wenye kiwanda huliwekea uzito makusudi, wa saruji, ili mashine isimame mahali pake. Kila mashine ya aina ile ina pande lake. Ile nzito kuliko zote aliyoichagua, aliichagua kwa sababu ya pande hilo hilo, akalipa, akaenda nyumbani, akalitoa.

Fabien anasema mzee aliyagusa yale matundu mawili kwa kidole, moja baada ya jingine. Kisha akatoka, akarudi jioni na saruji yake kichwani, imefunikwa na gunia ili watu wasiione. Maandishi ya mkaa yalikataa kufutika. Ilirudishwa ndani ikiwa nayo. Mashine ikawashwa, ikakamua, na glasi ya maji iliyowekwa juu yake haikumwaga tone.

Hapo ndipo Mukarugwiza alipogoma.

Asubuhi iliyofuata, majirani walimkuta uani, mbele ya beseni, akikamua shuka kwa mkono wake uliovimba. Ndani ya nyumba mashine nzima ilikuwa imefunikwa kitambaa. Mumewe alimsihi. Alimkumbusha daktari. Alimpokonya hata beseni, mkewe akaenda kuazima la jirani.

"Mimi sitie nguo ndani ya kitu cha muntu tulimuita mwizi," alimwambia. "Mukono yangu utapona. Jina ya Maman Charlotte, nani ataiponyesha?"

Alifua hivyo kwa siku tisa. Siku ya nne hakuweza kufunga kitenge chake mwenyewe. Siku ya saba chakula kilikuja bila chumvi, kwa maelezo kwamba vidole havikuweza kufungua kopo. Niyomugabo, ambaye amewaaibisha wakulima kwa miaka ishirini na miwili bila kupepesa macho, alikuwa akiondoka kinuni saa sita kwenda kukamua shuka mwenyewe, na mkewe alikuwa akizitumbukiza upya.

Ijumaa hii wako Rusizi ya Pili, wote wawili. Yeye amevaa koti la kanisani. Mkewe yuko hatua mbili nyuma, mkono umefungwa kitambaa.

Charlotte anawaona wangali darajani. Anasimama, anaweka mikono kiunoni, na kuuliza kwa sauti ya soko zima: "Papa, leo umeleta muchanga? Saruji ulishaleta."

Wabeba mizigo wanakaa chini ili wacheke vizuri. Niyomugabo anamnyooshea franga elfu thelathini. Charlotte haziangalii. Anamwelezea kwamba hela hizo si zile alizopoteza. Mashine sita ziko pale tangu siku ya hotuba. Watu wanakuja, wanazigonga mgongoni kama madaktari, wanasikia saruji, wanaenda.

"Ulisema mbele ya bantu," anamwambia. "Pesa unanipa kwa siri?"

Niyomugabo anakohoa. Anaanza kusema kwamba kulitokea hali fulani ya kutoelewana kuhusu vifaa.

"Bado, Papa," anasema mkewe nyuma yake.

Anageuka, anaona ule mkono uliofungwa. Jasho limepenya kwenye koti. Mbeba mizigo mmoja, yule yule aliyetukana mashine ya nane, anamsogezea kreti tupu ya soda. Niyomugabo anapanda. Anavua kofia.

Anawaambia watu kwamba mama huyu hakumwibia hata gramu moja. Kwamba saruji ni ya kiwanda, na mwenye kuitoa alikuwa mjinga, na mjinga ndiye huyu wamwonaye. Kwenye umati ule ule, ambao mara ya kwanza ulipiga makofi, mtu mmoja anauliza kwa sauti kama ni kweli aliipanda mashine. Anakiri. Wiki tatu. Kicheko kinavuka mto.

Charlotte hacheki. Anaonyesha kidole zile mashine sita, moja baada ya nyingine, na kusubiri.

Niyomugabo anashuka kwenye kreti, anamsogelea, na anazitia zile hela katika kiganja cha Charlotte kwa mikono miwili.

"Maman Charlotte," anasema, "kila Ijumaa nitakuwa hapa mpaka masini ya mwisho iuzwe. Muntu akigonga akauliza juu ya saruji, mimi njo nitamujibu. Na nitaanza kwa kumuambia jina yangu na kazi ninayofanya."