Picha Niliyokataa Kuiondoa

"Hutaweza." Walisema hivyo kwenye kibanda cha chai na kwenye meza za nyanya barabarani. Baba yangu mdogo alilisema neno hilo mbele ya wageni, huku akila ugali wa unga nilionunua mimi.

"Umekaa Mbeya miaka yote hiyo, umerudi na diploma ya kuchora. Sasa unataka wanafunzi washindane kuchora takataka! Takataka si wanaziona bure?"

Wakacheka hadi mmoja akapaliwa.

Nilikwenda Mbeya na begi la nguo na mikono yangu. Mchana nilikuwa juu ya ngazi pale Mwanjelwa nikiandika vibao vya saluni na mashine za kusaga, jioni nilikuwa darasani. Ile diploma hakuna ndugu aliyechangia hata kalamu. Niliporudi kwenye kijimji chetu, mbele kidogo ya Ilula kwenye barabara kuu, sikurudi kwa kushindwa. Nilirudi kwa sababu kulikuwa na kazi, na anayeijua ni mimi.

Mji wetu unanuka. Abiria wanarusha chupa madirishani, na sisi tunatupa nyanya zilizooza palepale tunapouzia nzima. Mwambie mwanafunzi achore usafi, atakuchorea jua linalotabasamu na pipa lililoandikwa TAKA. Pipa gani? Mji mzima hauna pipa. Kwa hiyo mashindano yangu yalikuwa na sharti moja: chora ulichokiona kwa macho yako, hapahapa kwetu.

Kila kitu niliazima. Wauza nyanya walinipa matenga, tukayapanga yakawa viegemeo vya picha. Usharika wa kanisa letu ulinipa mabenchi. Baba mdogo, pamoja na kejeli zake zote, alitoa turubai la kivuli. Picha zingechorwa kwenye viroba vya mbolea vilivyofuliwa, vikapasuliwa na kupakwa rangi nyeupe. Rangi nilikopa kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nilimwahidi kumrudishia kopo kwa kopo.

"Chukua, msanii," alisema. "Tutaona."

Huyohuyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, maana kwetu shughuli isiyo na mgeni rasmi ni kama haijafanyika. Mgeni rasmi akija, mawe hupakwa chokaa na vumbi humwagiwa maji. Hayo nimeyazoea. Sikujua kama kamati ingefika mbali zaidi.

Siku moja kabla ya mashindano wanafunzi walitolewa madarasani wafagie mji. Mifuko, chupa, nyanya zilizooza, nepi, vyote vikapakiwa kwenye mkokoteni na kumwagwa kwenye korongo lililo nyuma ya shule. Chini ya korongo hilo kuna kijito, na kwenye kijito hicho akina mama wanamwagilia vitunguu na kuchota maji ya kupikia.

Nilimkimbilia mwenyekiti. "Mnafanya nini? Mnamwaga uchafu kwenye maji ya watu kwa ajili ya mashindano ya usafi?"

"Punguza sauti. Mgeni hapiti huko."

Hata leo ninapoandika, mkono unakaza kalamu.

Asubuhi wanafunzi walianza kuchora. Msichana mmoja wa kidato cha pili, anayeishi na bibi yake bondeni, alikaa mwisho kabisa. Kiroba chake alikiazima kwa huyo bibi, kwa sharti kirudi kabla ya vitunguu kung'olewa. Kufika saa sita picha yake ilikuwa inasema yote. Mbele palikuwa na mawe meupe, kwaya na kiti kitupu chenye kitambaa. Nyuma, wanafunzi wenye sare walikuwa wanamimina taka korongoni. Chini kabisa, bibi mmoja ameinama na ndoo. Nimesoma sanaa, najua picha. Hiyo ilikuwa ya kwanza, na ya pili ilikuwa mbali sana.

Mwenyekiti akaja. Akaitazama, akanivuta pembeni.

"Toa hii."

"Haitoki."

"Wewe kijana, rangi ni yangu."

"Rangi ni yako, picha ni yake. Na ndiyo inayoshinda."

"Basi rangi yangu uirudishe, na usipoirudisha mji mzima utajua wewe ni mwizi."

Walimu wawili waliokuwa majaji wenzangu waliangalia viatu vyao. Mmoja akanong'ona, "Kaka, tuipe ya tatu yaishe." Nilimwambia aketi. Nikasimama kando ya lile tenga hadi mgeni alipofika, saa kumi, amechelewa kama desturi.

Alipita akisifia majua yanayotabasamu. Kwenye ile picha akasimama.

"Hapa ni wapi?"

Msichana akasema, "Hapo nyuma, mheshimiwa. Jana."

Mgeni akacheka. "Watoto wana mawazo!" Akaenda kula wali. Hakutembea hata hatua moja kuelekea korongoni! Lakini kipaza sauti nilikuwa nacho mimi. Nilimtangaza msichana mshindi, nikasema wazi kwa nini, nikamkabidhi brashi za zawadi nilizonunua kwa fedha yangu kutoka Mbeya.

Wiki hiyohiyo niliitwa mwizi wa rangi kuanzia dukani hadi kanisani. Nikapanda basi la Mbeya, nikarudi juu ya ngazi, na kila mwenye kibao nilimwambia anilipe kwa makopo ya rangi.

Siku niliyorudi niliwarudishia wote vyao. Matenga na mabenchi, kwa wenyewe. Turubai, kwa baba mdogo, ambaye alilikagua akitafuta tundu, asilione. Bibi wa yule msichana nilimpa kiroba kipya, na kile chenye picha kikabaki ukutani jikoni kwake. Alikitazama, akamgeukia mjukuu. "Mbona umenichora mnene?"

Wa mwisho alikuwa mwenyekiti. Nilichagua saa ya soko. Nikapita na mkokoteni wa makopo katikati ya watu, nikayapanga juu ya kaunta yake, moja baada ya jingine, watu wakisogea mlangoni.

"Sikuwa na haraka," alisema.

"Mimi ninayo. Ule mkokoteni uko nje, ni mtupu. Ukitaka kwenda korongoni kuzitoa zile taka, nitakusaidia kusukuma."

Hakuinuka. Nikausukuma mwenyewe hadi korongoni.