Pasaka ya Kula Tumesimama

Mkate wa unga wa muhogo ukichomwa bila kuumuka hutoa harufu kavu, kama ukuta wa udongo uliopigwa na jua. Harufu hiyo iliniamsha kila masika kule kwenye makazi ya wakimbizi Tanzania, nilikozaliwa baada ya wazazi wangu kukimbia Burundi. Ndiyo siku mama alipofanya Pasaka yake. Si ile ya kanisani ya nguo mpya. Ni ile ya kwanza, ya Wayahudi walipotoka Misri. Mama hakujua kusoma. Alisikia kitabu cha Kutoka kikisomwa, akashika aliyoyashika: mkate usiwe na chachu, maana watu waliondoka mbio na unga haukungoja, mboga ziwe chungu, ulimi ukumbuke utumwa, na mle mmesimama, viatu miguuni. Viatu hatukuwa navyo. Alitufunga miguu kwa majani ya mgomba, majirani wakaja kuchungulia na kucheka.

Kabla ya siku yenyewe alikuwa anatoa nyumbani kila chenye chachu. Mwaka ninaousema, nikiwa na kama miaka saba, alifika mpaka kwenye kibuyu cha baba cha pombe ya ndizi, akakimwaga nje. Baba alikuwa mpole, ila pombe yake ilikuwa pombe yake.

"Mama Rehema, Mungu alisema mkate. Pombe aliitaja wapi?"

"Inaumuka, haiumuki?"

"Sisi si Wayahudi, wewe."

"Usinizungushe, baba Rehema. Unajua kinachokuuma, na si pombe."

Kweli haikuwa pombe. Dada yangu Rehema alishaninong'oneza kwamba tulikuwa na kaka, mtoto wa kwanza, aliyebaki njiani wakati wa kukimbia. Rehema mwenyewe alikuwa wa kubebwa mgongoni, hakumkumbuka. Baba alikataza asitajwe ndani ya nyumba, hata jina. Mama alitaka tuambiwe. Mkate, mboga chungu ya mchunga, majani ya mgomba, vyote vile vilikuwa njia yake ya kufika hapo, na kila mwaka baba alimkatisha kabla hajafika.

Jioni tulisimama kuzunguka sinia. Mdogo kuliko wote ndiye anayeuliza, na mdogo nilikuwa mimi. Nikauliza kama nilivyofundishwa: kwa nini tunakula hivi? Mama akaeleza habari za Farao, akaeleza bahari ilivyogawanyika, kisha bila kupumua akaendelea: "Na sisi tulitoka hivyo hivyo, unga ukiwa bado mbichi, na watoto wawili. Mtoni tukavuka na mmoja." Baba akatazama mlango. Nilijua anatoka. Mama hakunyamaza. "Alikufa asubuhi," akasema.

"Jioni," baba akasema, bado anautazama mlango. "Wewe ulikuwa na homa, hujitambui. Mimi ndiye niliyemzika. Ilikuwa jioni, mama Zakaria."

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo masikioni mwangu. Mama alibaki ameshika mchunga mkononi. Baba akamega mkate, akala. Toka siku ile hakumwita tena kwa jina la Rehema, na Rehema hakuona wivu.

Sasa nakaa Beechmont, hapa Louisville, Marekani. Shule niliishia darasa la pili, na nyumba nimenunua kwa kufunga maboksi ghalani kule Jeffersontown. Anayetaka kunicheka aje anichekee sebuleni kwangu. Binti yangu anamhudumia bibi mmoja Myahudi, na masika iliyopita bibi alitualika mezani kwake. Mkate mkavu ulikuwepo, maji ya chumvi kwa ajili ya machozi, na mzizi mkali unaopanda mpaka puani. Lakini wao walikaa, wakaegemea mito, wakanywa divai vikombe vinne. Nilimsimulia bibi kile kibuyu, akacheka mpaka akashika meza. Nikamwuliza mbona hamsimami. Akasema kusimama kulikuwa kwa usiku ule wa kuondoka. Mtu huru huegemea.

Mwaka huu nimepika mwenyewe, kwenye jiko la umeme, nikawaambia wajukuu wakae. Mdogo wao, wa kike, akauliza kwa Kiingereza chake kwa nini tunakula kitu kibaya hivi. Hakuna aliyemfundisha. Nikamweleza, nikafika kwa Zakaria, naye akataka kujua alikuwa na miaka mingapi. Wazazi wangu wamekwenda, Rehema amekwenda, na sisi enzi zile tuliuliza swali tulilopewa tu. Watoto wa huku wanauliza wanachotaka, ila wenye majibu wamekwisha.

"Sijui," nikamwambia.

Akafikiri, mdomo umejaa. Akasema basi awe na sita, kama yeye.

Nikakubali. Kwetu Zakaria ana miaka sita.